Kukodi Boti ya Uvuvi kwa Mara ya Kwanza Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili

Watu wengi wanaoniuliza habari ya kukodi boti ya uvuvi wameshakodi mara moja na wakajuta. Mmoja alirudi na deli tupu na kichwa kinazunguka. Mwingine alimpa arubuni papasi (dalali wa ufukweni) aliyemwonyesha boti moja na alfajiri akamletea nyingine. Familia moja kutoka Dodoma ilikaa nje ya mwamba wa Jambiani kwa saa tatu, ufukwe ukionekana, ikisubiri maji yajae ipate kuingia. Makosa haya yanafanana kwa sababu mpangilio wao ni uleule: wanaanza na bei, wanafuata picha za samaki, wanapanga siku, na boti na nahodha wanawatazama wakiwa tayari wameshapanda.

Mwongozo huu unaupindua mpangilio huo. Bahari inatangulia, nahodha na chombo chake vinafuata, na bei inakaa nyuma.

## Vitu vya kuwa navyo

Viandae kabla hujampigia mtu yeyote simu.

- Kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi mwandamo. Utaihitaji katika hatua ya pili, na hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hiki.
- Simu yenye chaji na salio, ndani ya mfuko usioingiza maji.
- Nguo ya mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni na miwani ya jua. Upepo wa baharini hukudanganya kwamba hakuna joto, na ngozi huungua bila wewe kuhisi.
- Maji ya kunywa, yasiyopungua lita 3 kwa kila mtu kwa safari ya siku nzima, na chakula kikavu kama mikate, tende na ndizi.
- Dawa ya kuzuia kulewa bahari uliyoshauriwa na mfamasia, pamoja na tangawizi ya kutafuna.
- Glavu za kitambaa kigumu na plasta chache. Uzi wa mshipi ukivutwa na samaki mkubwa hukata kiganja kama wembe.
- Deli lenye barafu, ikiwa mmekubaliana kwamba samaki ni wako.
- Fedha taslimu za kumalizia malipo, kwa sababu kwenye madiko mengi, yaani mahali boti zinapofikia, si rahisi kutoa pesa.

## Hatua ya 1: Amua unataka uvuvi wa namna gani

Kuna uvuvi wa kurambaza, ambapo boti inakwenda taratibu huku chambo cha bandia kikiburutwa nyuma, na samaki wanaolengwa ni wale wa maji ya juu: jodari, nguru, fulusi, mzia, na wakubwa zaidi kama nduaro na sulisuli. Kuna pia uvuvi wa mshipi wa chini, ambapo boti inatia nanga au inaachiwa ielee pembeni mwa mwamba, nanyi mnateremsha ndoana yenye chambo na chubwi (kizito cha kuizamisha) kutafuta changu, chewa na kolekole.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kurambaza kunahitaji kwenda mbali, petroli nyingi na subira, na yapo masaa mazima ambayo hakuna uzi unaotikisika. Mshipi wa chini hauna fahari ya picha, lakini mkono wa mgeni hushughulika tangu mwanzo, na hata mtoto wa miaka kumi hurudi na hadithi yake.

Kwa safari ya kwanza, ushauri wangu ni nusu siku, yaani saa nne hadi tano, mkirambaza wakati wa kwenda na kurudi na katikati mkitumia mshipi wa chini. Usianze na siku nzima kwenye Mfereji wa Pemba, kati ya Pemba na bara. Mfereji huo una kina cha mamia ya mita, ndiyo maana samaki wakubwa hupita humo, na ndiyo maana pia mawimbi yake hayana huruma kwa tumbo lisilozoea.

## Hatua ya 2: Chagua msimu, kisha siku

Hapa ndipo wengi wanapofeli bila kujua kwamba wamefeli.

Upepo wa kusi, utokao kusini, huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na wa kaskazi, utokao kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati yake ipo miezi ya upepo mdogo, hasa Oktoba na Novemba, ambayo ndiyo ningemchagulia mgeni yeyote kama ningeulizwa mimi. Lakini hata ndani ya msimu wenye upepo, upande wa kisiwa unaotokea una maana kubwa. Kusi ikivuma, Kizimkazi na pwani ya mashariki hupokea wimbi lote, ilhali Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi hujificha nyuma ya kisiwa. Kaskazi ikivuma, Nungwi na Matemwe ndizo zinazopigwa, na upande wa kusini magharibi kama Fumba hutulia. Pemba vilevile: pwani ya magharibi, kutoka Mkoani hadi Wesha na kisiwa cha Misali, huwa na nafuu kusi inapovuma kuliko pwani ya mashariki.

Liko jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi. Mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi inapovuma, upepo na mkondo hukutana uso kwa uso, na wimbi linakuwa fupi na lililosimama, la kuirusha boti na kuibwaga. Kwa hiyo siku ya upepo wa wastani ya Januari inaweza kukuchosha kuliko siku ya upepo kama huo ya Julai.

Ukishapata mwezi, chukua kalenda ya mwezi mwandamo. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja katikati yake, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo. Siku za bamvua maji hujaa hapa kwetu kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Sasa fanya hesabu. Ukitoka Paje, Jambiani au Matemwe saa kumi na moja alfajiri siku ya bamvua, utaondoka juu ya maji mengi bila tatizo lolote, na ukirudi saa nne utakuta mchanga, mwani na kina mama wakitafuta pweza pale ulipopitisha boti. Hilo ndilo lililoipata ile familia ya Dodoma, na nahodha wao alilijua tangu jana yake.

Kwa hiyo, kwa mgeni anayetokea pwani ya mashariki, chagua maji mafu. Mkondo nao hupungua siku hizo, na chubwi hufika chini badala ya kupeperushwa pembeni. Wapo manahodha watakaokuambia kwamba samaki wa juu hula vizuri zaidi maji yakikimbia, nami siwabishii. Ila mgeni anahitaji kwanza kujifunza kushika mshipi.

Onyo. Siku tatu kabla ya safari anza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa Unguja na Pemba. Ukisoma tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ahirisha bila mjadala, hata kama nahodha anasema ameshazoea. Yeye amezoea, wewe hujazoea.

## Hatua ya 3: Mtafute nahodha mwenyewe

Papasi si mtu mbaya, ana kazi yake, lakini hajui mashine ilizimika lini mara ya mwisho. Ukikubaliana naye, umekubaliana na mtu ambaye hatakuwemo botini.

Nenda dikoni alasiri, boti zinaporudi, na si asubuhi zinapotoka. Alasiri utaona nani amerudi na samaki, nani amerudi akivutwa, na nani anaosha boti yake kabla ya kwenda nyumbani. Vaa kwa stara kwa sababu unapita kijijini, salimia wazee kwanza, na usianze na bei. Mazungumzo ya aina hii yanatosha:

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nataka kutoka wiki ijayo, watu wanne, ndiyo mara yetu ya kwanza. Unanishauri siku gani?"

Kisha nyamaza umsikilize. Nahodha anayefaa atakuuliza maswali: mnatokea wapi, mna watoto, kuna anayelewa bahari, mnataka samaki wa juu au wa chini. Atahesabu mwezi kwa vidole na huenda akakuambia siku uliyoitaka haifai. Anayejibu "siku yoyote, hamna shida" na kukimbilia arubuni, muage kwa heshima.

Utajua hatua hii imefanikiwa pale nahodha atakapokuwa amekukatalia jambo moja angalau.

## Hatua ya 4: Kagua boti ikiwa ufukweni

Omba kuiona boti ileile itakayowachukua, na uandike namba yake ya usajili ubavuni. Hii ni hatua ndefu, na ni ndefu kwa makusudi.

Mashine. Uliza ziko ngapi. Niliwahi kujibiwa, "Mbili, mwanangu, lakini moja iko kwa fundi," na hiyo ni boti ya mashine moja. Kwa uvuvi wa ndani ya mwamba, mashine moja na makasia vinaweza kutosha. Kwa kutoka nje, kuelekea mwamba wa Leven Bank kaskazini ya Nungwi au Mfereji wa Pemba, taka mashine mbili, au moja na nyingine ndogo ya akiba inayofanya kazi. Omba iwashwe mbele yako ikiwa imepoa, na utazame tundu dogo la pembeni linalorusha maji ya kupooza mashine. Maji yakitoka kwa nguvu, vizuri. Yakidondoka kidogokidogo, mashine itachemka mkiwa mbali.

Petroli. Kanuni ya zamani ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba. Lakini wingi wake peke yake hautoshi, na hili nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Nungwi na boti ya mashine moja niliyoichagua kwa sababu ilikuwa rahisi. Tukiwa nje, mashine ilikohoa mara tatu ikazima. Nahodha alifungua plagi, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaipuliza, akairudisha, haikuwaka. Mwishowe alimimina petroli kidogo kutoka mtunguni ndani ya chupa ya maji ya kunywa, akaiinua juani. Sote tuliona: maji yamekaa chini, petroli imeelea juu, na mstari ulionyooka katikati yake. Tukatupa nanga, na kamba ikaisha kabla haijagusa kitu. Mkondo ukaanza kutupeleka kaskazini, hadi mashua ya wavuvi wa jarife ilipotufunga kamba na kuturudisha.

Tangu siku hiyo huuliza mambo mawili: je, kuna chujio linalotenganisha maji na petroli, na mitungi hujazwa wapi. Naye nahodha huniangalia kwa heshima zaidi baada ya swali hilo.

Nanga na kamba. Kamba inapaswa kuwa na urefu wa mara tatu hadi tano ya kina cha mahali mtakapotia nanga. Iguse. Iliyochakaa huwa kavu na huacha nyuzi mkononi.

Majaketi okozi. Yahesabu, yawe sawa na idadi ya watu wote pamoja na mabaharia. Jaribu lako, funga mikanda yote, muinue mtoto kwa mabega ya jaketi lake uone kama litamvuka kichwani. Majaketi yaliyofungiwa omo, mbele ya boti, chini ya nyavu ni sawa na hakuna, kwani hakuna atakayeyafikia boti ikijaa maji.

Mawasiliano. Redio ya baharini inayofanya kazi ni bora kuliko simu, na chaneli ya dharura ni namba 16. Simu hushika karibu na pwani na hupotea mnapokwenda mbali. Muulize nahodha nani nchi kavu anajua mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Wewe pia muachie mtu taarifa hizo, pamoja na namba ya dharura 112, na umwambie kwamba uokoaji baharini hapa Zanzibar ni kazi ya KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo.

Kivuli na choo. Wengi huona haya kuuliza. Boti nyingi ndogo hazina choo, na kwa safari yenye wanawake na watoto ni bora kulijua hilo leo kuliko mkiwa katikati ya maji. Turubai la kivuli lisipokuwepo, fupisha safari.

Ukimaliza ukaguzi, unapaswa kuwa na namba ya boti, jina la nahodha, na angalau jambo moja aliloahidi kulirekebisha. Rudi siku moja kabla ya safari ulione limerekebishwa.

## Hatua ya 5: Vibali na mipaka

Usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kampuni za kitalii hupata leseni kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Omba kuona cheti na utazame tarehe yake ya mwisho. Si ufidhuli, nahodha mwenye karatasi zake hufurahi kuzionyesha.

Uliza pia mtavua wapi hasa. Eneo la Mnemba, ghuba ya Menai na pwani ya magharibi ya Pemba pamoja na Misali ni hifadhi za bahari zenye masharti, baadhi ya sehemu zake zimefungwa kwa uvuvi, na mwamba wa Chumbe haukubali uvuvi wowote. Faini ikitokea, mzozo utakuwa wenu wote. Kasa akinasa kwenye uzi huachiwa, haletwi dikoni wala haliwi: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake.

## Hatua ya 6: Sasa zungumzia bei

Bei itajwe kwa boti nzima, kwa shilingi, na kwa saa zinazojulikana. Kisha yataje moja baada ya jingine yaliyomo ndani yake: petroli, barafu, chambo, fimbo na rili, ada za hifadhi, chakula cha mabaharia. Boti inayoonekana rahisi mara nyingi ni ile ambayo petroli haijahesabiwa.

Mambo manne husahaulika na ndiyo huleta ugomvi. La kwanza ni samaki: ni wako, ni wa boti, au mtagawana? Baadhi ya boti huhesabu mapato ya samaki ndani ya bei yao, na nduaro na sulisuli wengi huachiwa waende. La pili ni chambo cha bandia kikikatika, nani analipa. La tatu ni bahari ikichafuka: je, arubuni inarudi au siku inahamishwa? La nne ni mashine ikiharibika katikati ya safari. Andika majibu kwenye ujumbe wa simu na umtumie nahodha, akujibu "ndiyo". Huo ndio mkataba wenu, na kwa arubuni usizidishe theluthi moja ya bei.

Kuhusu siku: wavuvi wengi hupumzika Ijumaa, na katika Ramadhani nahodha na mabaharia wamefunga. Safari ya alfajiri fupi inawezekana katika mwezi huo, lakini usimwombe mtu aliyefunga akae juani hadi alasiri, na usile mbele yake.

## Hatua ya 7: Usiku na asubuhi ya safari

Lala mapema, na kula chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Dawa ya kulewa bahari humezwa kabla ya kupanda, kwa muda ulioelekezwa kwenye pakiti, kwa sababu ukishaanza kutapika haina pa kukaa. Tumbo tupu nalo ni kosa: kunywa chai ya tangawizi na mkate.

Ukianza kulewa, kaa katikati ya boti au tezini (nyuma), tazama upeo wa bahari, acha simu, na kaa mbali na moshi wa mashine. Mwambie nahodha mapema. Hakuna aibu, nimemwona mtoto wa mvuvi akilewa siku ya bamvua.

## Hatua ya 8: Botini, hadi dikoni

Uzi ukivutika, usiuzungushe mkononi hata mara moja. Samaki akikimbia muachie akimbie, akipumzika vuta. Muachie baharia kazi ya kumtoa majini na kumtoa ndoana, hasa mzia mwenye meno na samaki yeyote usiyemjua. Bunju, yule anayejifutua kama puto, ana sumu na hurudishwa majini.

Jodari anahitaji haraka kuliko samaki wengi. Achinjwe na kutolewa damu papo hapo, kisha aingie kwenye barafu. Akikaa juani hujitengenezea sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mlaji huvimba uso na kuwashwa mwili kwa samaki anayenukia vizuri kabisa. Ukifungua deli dikoni, macho ya samaki yawe yanang'aa na nyama ikibonyezwa irudi. Asiyekuwa hivyo usimpeleke nyumbani.

Malizia malipo palepale mbele ya nahodha, si kwa papasi atakayekupokea ufukweni, na bakshishi ya mabaharia iwe mkononi mwao wenyewe. Kisha hifadhi kwenye simu namba yake, namba ya boti, na tarehe ya mwezi mwandamo mliyotoka, kwa sababu ukimpigia tena hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.